Bima Aliyoikata Nukta

Kwa miaka arobaini na moja Fundi aliingia katika nyumba za watu wakati ambao wenyewe hawakupenda kuonwa. Alimkuta baba mwenye nyumba amekunja suruali mpaka magotini, ndoo mkononi, analitukana bomba kana kwamba bomba lina masikio. Aliwakuta maharusi wa juzi wakilumbana juu ya zulia lililolowa, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyesikia maji yakidondoka akanyamaza. Fundi aliweka mfuko wake wa spana mlangoni, akasalimia kwa utaratibu kama mtu aliyekuja kutembea, kisha akauliza swali lake moja: "Koki kuu iko wapi?" Mara nyingi hakuna aliyejua. Alicheka kidogo, akaitafuta mwenyewe, akaifunga, na maji yaliponyamaza nyumba nzima ilishusha pumzi.

Watu wazima walimwita Fundi. Watoto wa mtaani walimwita Koki. Aliitikia yote mawili.

Mkewe aliitwa Nukta. Jina hilo alilipata kazini, mahakamani, alikokuwa karani mpiga chapa. Hakimu mmoja alikuwa na tabia ya kusema hukumu nzima bila kupumua, na ni yeye peke yake, binti wa mashine ya tatu kutoka dirishani, aliyejua sentensi inaishia wapi. Mawakili walimwogopa. Alizirudisha karatasi zao zikiwa na alama nyekundu kama mtu aliyeugua surua.

Fundi naye alirudishiwa. Alikuwa amekwenda kutengeneza bomba la choo cha mahakama, akaandika ankara yake kwa mkono, na Nukta akaikataa kwa makosa ya tahajia. Akaiandika upya, ikakataliwa tena kwa sababu sentensi ya pili haikuwa na mwisho. Ya tatu ilikuwa safi. Angeweza kumpa tarishi aipeleke, lakini alivaa shati lililopigwa pasi akaipeleka mwenyewe, na hiyo ndiyo siku waliyohesabu kuwa mwanzo wao.

Katika ndoa yao kazi ziligawanyika zenyewe bila kikao. Mwili wa nyumba ulikuwa wa Fundi: paa, mabomba, bawaba, kitasa kinachokwama. Karatasi za nyumba zilikuwa za Nukta. Yeye ndiye aliyekata bima ya nyumba. Siku moja alipiga chapa kesi ya familia iliyounguliwa na nyumba, ukurasa baada ya ukurasa wa vitu vilivyoteketea, na jioni alirudi akakaa jikoni akitazama kabati lao la vyombo kama anayelihesabu. Wiki iliyofuata alikuja na mkataba. Fundi alimtania kwa miaka mingi kuhusu jambo hilo. Alisema wanawalisha watu wasiojua hata rangi ya mlango wao, kwa ajili ya balaa ambalo halijatokea. Nukta alimjibu kwamba angependa waendelee kuwalisha hivyo hivyo mpaka wazeeke, kwa sababu siku watakayoacha kuona hasara ya kulipia ndiyo siku watakayokuwa wamepata hasara yenyewe.

Wakazeeka. Miaka mitatu kabla ya mambo haya, Nukta alianza kupoteza maneno. Kwanza yalikuwa majina ya vitu vidogo, kijiko, kitana. Kisha siku za juma zikachanganyika. Mara nyingi alimjua mumewe vizuri sana. Mara chache alimjua kama fundi tu, akamwambia kwa upole, "Umeshamaliza kazi? Subiri kidogo, mume wangu akirudi atakulipa." Fundi alijifunza kutobishana. Alijibu kwamba atamsubiri, akavuta kiti, wakakaa pamoja wakimsubiri mume.

Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, ndiye aliyetafuta daktari wa mambo ya kusahau na kuwaambia waje. Vipimo vingekuwa vya wiki nne hivi. Fundi akamkabidhi ufunguo jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja mjane aliyefuga paka wanne, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Paka na mwenyewe akajiita hivyo hivyo. Alimwomba aingie Jumanne na Ijumaa, afungue madirisha na kumwagilia mimea ya Nukta iliyojaa katika makopo kwenye ukumbi wa nyuma. Kwa sababu ya kumwagilia huko, Fundi aliiacha koki kuu wazi. Aliifikiria mara mbili, kama fundi, lakini akaiacha. Vipimo vya wiki nne vikawa vya wiki tano kasoro siku moja, maana daktari alitaka kumwona Nukta mara moja zaidi, na binti akawaomba wabaki.

Walirudi Jumatatu mchana. Fundi alijua kabla hajafungua mlango. Aliisikia ile sauti, ambayo mtu mwingine angeidhani ni redio iliyoachwa wazi, na mkono wake ukatulia juu ya kitasa. Mlango ulikuwa umevimba ikabidi ausukume kwa bega. Dari ya sebule ilikuwa imeshuka katikati kama tumbo la ng'ombe, na upande wa chumba cha kulala ilikuwa imekwisha anguka, vipande vyeupe vimelala juu ya kitanda kama uji uliomwagika. Maji yalimfika vifundoni. Kiatu kimoja cha Nukta kilikuja kikielea kutoka chumbani, taratibu, kama kinachomkaribisha.

Alikwenda moja kwa moja kwenye koki kuu, nyuma, akaifunga. Maji yakanyamaza. Safari hii hakuna aliyeshusha pumzi. Aliporudi alimkuta Nukta amesimama kizingitini, mkoba wake umeshikwa kwa mikono miwili ili usilowe, anaitazama sebule kwa huruma nyingi.

"Masikini," alisema. "Wenyewe wanajua?"

Fundi akamjibu kwamba wanajua. Kisha akatoka, akakaa juu ya ngazi za mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu alipomzika mama yake akalia mchana kweupe. Nukta akakaa kando yake na kumpigapiga mgongo.

Mama Paka alikuja mbio bila viatu. Alikuwa ameingia Ijumaa, aliapa, na nyumba ilikuwa kavu kama mkate wa jana. Fundi alimwamini bila viapo. Kiungio cha bomba la darini kilikuwa kimepasuka baada ya hapo, na maji yakatiririka siku mbili tatu bila wa kuyazuia. Mama Paka aliwapa chumba chake cha mbele na kuwahamisha paka wawili waliokuwa wapangaji wa siku nyingi.

Binti yao ndiye aliyemkumbusha habari ya bima, kwenye simu. Fundi alikuwa ameisahau kabisa. Katika akili yake ilikuwa mambo ya Nukta, kama pini zake za nywele. Mkataba aliukuta juu ya kabati la chumbani, ndani ya kopo la biskuti, umefungwa katika mifuko miwili ya plastiki na kukazwa kwa mpira. Vitu vyote vya chumba kile vilikuwa chepechepe, lakini karatasi zilikuwa kavu. Alizishika kitambo.

Kesho yake asubuhi alipiga simu. Karani aliyepokea alimpa pole kwanza, jambo ambalo Fundi hakulitarajia, kisha akampa maagizo. Alisema ni vizuri kwamba amefunga maji, maana mwenye bima anatakiwa kuzuia hasara isiendelee. Asitupe kitu chochote kabla mkaguzi hajakiona, hata kikinuka. Apige picha kila chumba, na kiungio kilichopasuka akitunze. Ajaze fomu ya madai ndani ya siku saba na aambatanishe orodha ya vitu vilivyoharibika: kitu gani, kilinunuliwa lini, kilikuwa katika hali gani. Fundi alishukuru. Katika kazi yake alikuwa ameshawasaidia watu wengi kutupa mazulia nje siku ile ile ili nyumba ikauke, na hakuwahi kujua kwamba huenda alikuwa akiwatupia na ushahidi wao.

Orodha waliifanya wawili. Alimvalisha Nukta buti zake za mpira, ambazo ndani yake miguu ya mkewe ilicheza kama mchi katika kinu, wakapita chumba hadi chumba, yeye na daftari, Nukta na maelezo. Maana vitu vilimfungua mdomo. Hakujua ni mwezi gani, lakini aligusa kiti cha mbao akasema, "Hiki mama yako alikikalia siku ya kwanza kuja, akasema mimi mwembamba, sitakupa watoto." Fundi aliandika: kiti cha mbao, kimoja, miaka thelathini na minane, kilikuwa kizima. Mbele ya kabati la nguo alieleza jinsi walivyolipitisha dirishani kwa sababu fundi bomba fulani alipima mlango kwa macho. Aliandika: kabati la nguo, milango mitatu. Kwenye godoro alisema lile la kwanza lilikuwa zuri zaidi. Fundi aliandika godoro, akafuta, akaliandika tena, kwa sababu mkono wake ulikuwa unacheka.

Rafiki yake mmoja, fundi mwenzake wa siku nyingi, alikuja kutoa pole akaiona ile orodha na kusikitika. Alimshauri aitie chumvi kidogo: televisheni iwe kubwa zaidi, zulia liwe jipya, na kiungio aseme kimepasuka kwa presha ya maji ya mtaani. Alisema wote wanafanya hivyo. Fundi alikuna kichwa akamwambia haiwezekani, kwa kuwa Nukta ataisoma, na Nukta hajawahi kupitisha karatasi ya uongo hata ya mume wake. Rafiki akamtazama Nukta, ambaye wakati huo alikuwa akimfundisha paka kusalimia, naye akaona si vizuri kubisha.

Mkaguzi alifika siku ya tano. Alikuwa mwanamke wa makamo ya binti yao, mwenye tochi na kibao cha kuandikia. Aliamkia, akaitikiwa, akavua viatu vyake vizuri akavaa vya kazi. Hakuwa na haraka. Alipiga picha, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama daktari, akapanda ngazi mpaka darini na Fundi nyuma yake. Huko juu akauliza kiungio kile kilifungwa na nani.

Fundi alikuwa amelingoja swali hilo siku tano.

"Nilikifunga mimi," alisema. "Miaka kumi na sita iliyopita. Mwaka jana nilipanda nikakiangalia. Kilikuwa kikavu, hakivuji hata tone, lakini nilijisemea kimezeeka, nitakibadilisha. Sikukibadilisha."

Mkaguzi aliandika. Fundi alimtazama akiandika na kuhisi kama aliyejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Walipokwisha shuka alimwomba amweleze tu ukweli, kama mambo yameharibika aambiwe. Mkaguzi alifikiri, akamweleza bila maneno ya ofisini. Kitu kuchakaa, alisema, hakina bima; nyumba yoyote inazeeka, na huo ni mzigo wa mwenyewe. Kwa hiyo kiungio na kipande cha bomba hatalipwa. Lakini maji yaliyofumuka ghafla na kuharibu dari, kuta na vitu ni jambo jingine. Kama angeona madoa ya zamani, dalili kwamba palikuwa panavuja miezi na mwenye nyumba anapatazama tu, angeandika hivyo. Hakuyaona.

"Bima haikulipii uzee, mzee," alisema. "Inakulipia kishindo. Ila mimi naandika nilichokiona. Wanaoamua wako ofisini."

Jibu la ofisini lilikuja baada ya wiki tatu. Fundi alilisomea pale pale getini kwa Mama Paka, akiwa na kikapu cha sokoni begani. Barua ilikuwa ya heshima na fupi. Ilisema kampuni inasikitika, lakini kwa kuwa katika fomu yake amekiri kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa akiishi ndani ya nyumba kwa siku thelathini na nne mfululizo, na mkataba unaruhusu thelathini, nyumba ilihesabika kuwa tupu, na hasara ya maji katika nyumba tupu hailipwi. Kama hajaridhika, ana siku kumi na nne za kuomba dai liangaliwe upya.

Siku nne. Alisimama pale akihesabu kwa vidole, kana kwamba zingepungua. Wangerudi wakati uliopangwa, siku ya ishirini na nane, wangeikuta nyumba iko salama. Hapo alikumbuka ni nani aliyeomba wabaki, na kwa ajili ya nini, na akaamua kwamba binti yake hataisikia barua hii. Angejilaumu. Aliikunja akaitia mfuko wa ndani wa koti, na siku mbili nzima alikula chakula bila kujua ni chakula gani.

Siku ya tatu alimwona Mama Paka akimtazama kwa namna ambayo watu huwatazama wagonjwa, akajikaza. Alijua kusoma bomba, hakujua kusoma mkataba. Lakini alifikiri kwamba hata katika nyumba asiyoijua hakuwahi kuanza kwa kubahatisha. Siku zote alianza kwenye koki kuu akaifuata njia ya maji mpaka mwisho. Basi angeusoma mkataba hivyo hivyo, kutoka neno la kwanza. Na kwa kuwa maandishi yale yalimpa usingizi akisoma kimoyomoyo, aliamua kumsomea Nukta kwa sauti.

Walikaa ukumbini kwa Mama Paka, kila alasiri baada ya chai. Nukta alipenda kusomewa. Alifumba macho, mikono magotini, na alasiri ya kwanza tu Fundi aligundua kitu kilichomfanya asimame katikati ya sentensi: vidole vya mkewe vilikuwa vinatembea. Vilipiga juu ya kitambaa cha gauni, vyepesi, kila kidole mahali pake, vikimfuata neno kwa neno.

"Endelea," alisema Nukta, macho yakiwa bado yamefumbwa. "Nimefika."

Akaendelea. Akijikwaa, alimsahihisha. Alipounganisha sentensi mbili, alisema "nukta" kwa sauti ya kazini, akamrudisha nyuma. Fundi alisoma maana ya jengo, na maana ya vitu vya ndani, ambavyo kumbe vilikuwa na bima yao mbali. Alisoma kwamba katika kila hasara kuna kipande cha kwanza anachokibeba mwenye bima mwenyewe, na kampuni inaanzia pale kinapoishia. Alisoma kwamba mafuriko yanayotoka nje, mto au mvua iliyojaa barabarani, hayahesabiki sawa na maji yanayotoka katika bomba la ndani. Alisoma kwamba nyumba ikishindikana kulalwa, kampuni hugharimia malazi mahali pengine, akapiga jicho kwa paka aliyekuwa amelala ndani ya kofia yake. Siku nyingine Nukta alichoka, akaanza kuuliza lini wataenda nyumbani, na mkataba ukafungwa. Siku nyingine walisoma kurasa nne.

Alasiri ya sita walifika kwenye kifungu kile. Fundi alikitambua, akakohoa, akakisoma polepole kama mtu anayemeza dawa chungu:

"Nyumba itahesabiwa kuwa tupu endapo kwa muda unaozidi siku thelathini mfululizo hakuna mtu anayelala ndani yake na hakuna mtu mzima aliyekabidhiwa kuiangalia."

Akaweka karatasi chini. "Ndiyo hiyo," alisema. "Imekwisha."

Vidole vya Nukta vilikuwa vimesimama. "Ni na?" aliuliza.

"Ni nini?"

"Umesoma na. Imeandikwa na, au imeandikwa au?"

Fundi alizichukua karatasi tena, akasogeza miwani. "Imeandikwa na."

"Basi ni vyote viwili," alisema Nukta. "Asiwepo wa kulala, na asiwepo wa kuangalia. Mmoja akiwepo, si tupu." Akafumbua macho, na macho yenyewe yalikuwa yale ya mashine ya tatu kutoka dirishani. "Hakimu alinigombeza siku ile. Alisema na, mimi nikapiga au. Mtu alikuwa anakwenda jela kwa kosa langu, Fundi. Nililia chooni. Tangu siku hiyo sijalipita neno hilo bila kuligusa."

Hakuwa amewahi kumsimulia habari hiyo, miaka yote. Fundi alitaka kumuuliza zaidi, ilikuwaje, mtu yule alipona vipi, lakini Nukta alikuwa amekwisha mgeukia paka, na alipomuuliza akamwambia kwamba leo kuna upepo mzuri. Akamshika mkono tu. Alikisoma kile kifungu mara nne zaidi, peke yake, kidole juu ya lile neno. Fomu ilikuwa imemuuliza kama kuna aliyekuwa akiishi ndani, akajibu hapana. Haikumuuliza kama kuna aliyekuwa akiangalia, naye hakujua kwamba ni jambo la kusema.

Mama Paka alipoelezwa alikwenda kutafuta simu yake chini ya mto. Kila alipoingia katika nyumba ile, Jumanne na Ijumaa, alimtumia Fundi picha ya mimea na neno moja, "Wazima," ili Nukta asiwe na wasiwasi. Picha zilikuwa kumi, kila moja na tarehe yake na saa yake. Kwa kuwa Mama Paka hakuwahi kwenda mahali peke yake, katika kila picha palikuwa na paka: amekaa juu ya meza ya Fundi, amejinyoosha juu ya zulia kavu, na katika ya mwisho, ya ile Ijumaa, ametoa kichwa ndani ya kabati la milango mitatu. Mama Paka aliona haya, akaomba radhi kwa ajili ya kabati. Fundi alimwambia kwamba paka yule ni shahidi bora kuliko wengi aliowasikia mkewe akiwataja.

Barua ya kuomba dai liangaliwe upya aliiandika kwa mkono, akamsomea Nukta, akaiandika upya. Nukta alitaka ukurasa mmoja, usiozidi. Alikataa sentensi ambayo Fundi aliipenda sana, iliyosema kwamba wamelipa bima miaka kumi na tisa bila kuomba kitu. "Hiyo ni kulalamika," alisema. "Waambie kifungu, waambie tarehe, weka nukta." Wakaambatanisha picha kumi na maelezo ya Mama Paka yenye sahihi yake. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi akaipeleka mwenyewe, akangoja mpaka nakala yake ilipogongwa muhuri. Yule mkaguzi alipita pale ofisini na mafaili yake, akamwona, akaja kumsalimia. Fundi alimwonyesha kifungu. Mkaguzi alikisoma akiwa amesimama, midomo ikitikisika, akafika kwenye lile neno, akarudi nyuma, akalisoma tena. Alisema tu kwamba ataiweka yeye mwenyewe juu ya meza inayohusika.

Siku kumi na moja zilipita. Fundi alizitumia kufunga kiungio kipya na bomba jipya kwa gharama yake, akafanya kazi kwa makini kama anayefungia nyumba ya mtu mgeni. Siku ya kumi na mbili simu ikalia. Kampuni ilikubali kwamba nyumba haikuwa tupu kwa maana ya mkataba, na iliomba radhi kwa usumbufu. Wangelipa dari, kuta, sakafu na vitu, baada ya kuondoa kile kipande cha kwanza na kukata kwa ajili ya umri wa vitu vilivyozeeka. Kiti cha miaka thelathini na minane hakikupata kitu cha maana. Fundi alikikausha juani akakigonga misumari, kikasimama. Malazi nayo yalilipwa, lakini Mama Paka alikataa katakata kupokea hela ya watu waliolala kwake. Walibishana siku mbili. Mwishowe alikubali mifuko mitatu ya chakula cha paka, na hata hiyo alisema anaipokea kwa niaba ya wahusika.

Binti yao alisimuliwa yote siku ile, barua ya kwanza ikiwemo. Alimuuliza baba yake kwa nini hakumwambia. Fundi alimwambia hapakuwa na haja, kazi ilikuwa na mtu wake. Binti akaomba aongee na mama. Nukta aliisikiliza simu muda mrefu akitabasamu, akamrudishia mumewe, akanong'ona kwamba msichana huyu ana sauti nzuri na analia, ampe pole.

Mafundi wa dari walifanya kazi wiki mbili. Ilipofika zamu ya rangi, Fundi alisema chumba cha kulala achague mwenye chumba. Mpakaji rangi akachora ukutani viraka vitano vya kuchagulia, na kila siku Nukta aliletwa kuchagua. Jumatatu alitaka ya maziwa. Jumanne alitaka ya manjano, ile ya kiini cha yai, akasimama mbele yake muda mrefu na kuigusa, kidole kikatoka na rangi. Jumatano alitaka kijani, Alhamisi akauliza kwa nini watu wanachafua ukuta. Mpakaji rangi alimvuta Fundi pembeni akamwambia mzee, amua wewe, mama hatajua. Fundi alikubali kwamba huenda hatajua. Akamwambia apake ya Jumanne.

Waliingia pamoja rangi ikiwa bado mbichi. Jua la asubuhi lilikuwa limepiga ukuta wa kitandani, chumba chote kimeng'aa. Nukta alisimama katikati akazunguka taratibu, mara moja, macho juu.

"Nani alikuambia naipenda hii?"

"Wewe."

"Lini?"

"Jumanne."

Nukta aliifikiria Jumanne, ilikuwaje, na usoni pake ilionekana wazi kwamba hakuipata. Hakuhuzunika. "Jumanne nilikuwa na akili nzuri," alisema, akacheka, na Fundi akacheka naye mpaka mpakaji rangi akachungulia mlangoni kuona kulikoni. Kitanda kilikuwa hakijaletwa. Fundi alivuta viti viwili, akafungua dirisha kwa sababu ya harufu, wakakaa bega kwa bega wakiutazama ukuta ukikauka, mpaka Mama Paka alipowaita kunywa chai.